Kabla Hujasimamisha Turubai la Shughuli: Mambo ya Kuzingatia

Mwenye shughuli akienda kukodi maturubai Dar es Salaam huulizia bei na mapambo. Swali la kutangulia ni moja: litafungwa kwenye nini? Turubai likiondoka na upepo, kitambaa na mabomba mara nyingi huwa mazima. Kilichoachia ni kigingi.

Kwa hiyo nenda na fundi siku moja kabla, mkaitazame ardhi. Kwenye udongo mgumu tumieni nondo ya milimita 16 au zaidi, ndefu karibu mita moja. Ipigiliwe ikiwa imeinamia nje, na kamba ifungwe chini kabisa, inapoingia ardhini. Hapa vijana wengi hukosea. Wanaacha nusu ya nondo juu, wanafunga kamba kwenye ncha, na kila upepo ukivuta inacheza kama jino bovu mpaka shimo linapanuka.

Mchanga wa ufukweni, kama Kigamboni, haushiki nondo hata ukiizamisha yote. Chimba sentimita 80, laza gunia la mchanga lililofungwa kamba katikati, fukia, shindilia. Penye zege, uzito ndio kigingi: pipa la lita 200 likijaa maji ni kilo 200. Ile ndoo moja ya lita 20 kwenye kila nguzo ni pambo tu.

Kabla ya kupigilia, ulizia mabomba ya maji yamepita wapi, maana mengine yamefukiwa juujuu. Tazama na juu: bomba la turubai likigusa waya wa umeme linamuua aliyelishika.

Asubuhi tulivu isikudanganye. Wakati wa kusi, upepo huweza kushika kasi alasiri. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukipiga ukuta wa turubai wa mita 6 kwa 2.5 unausukuma kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 250. Kibaya zaidi ni kuacha wazi upande unaotoka upepo na kufunga pande tatu zilizobaki: upepo unaingia, hauna pa kutokea, paa linageuka tanga.

Mvua nayo huja na mizigo yake. Maji yakituama kina cha sentimita 10 kwenye mita 2 za mraba, ni kilo 200 juu ya vichwa vya wageni, na mahali yanapopenda kutuama ni pale maturubai mawili yanapokutana. Kamba ya katani hujikaza ikilowa na kulegea ikikauka. Ya nailoni hunyumbuka ikilowa. Mtu mmoja apewe kazi ya kuzizungukia.

Mapishi, mitungi ya gesi na jenereta vikae nje, mbali na kitambaa. Jenereta izimwe na kupoa kabla ya kutiwa petroli. Njia za kutokea ziwe mbili, meza ya keki isizibe hata moja. Zimamoto ni 114.

Mwisho, ongea na MC, maana ndiye mwenye kipaza sauti. Matawi makubwa ya miti yakianza kuyumba, au radi ikisikika, akatishe muziki na kuwapeleka watu kwenye nyumba ya matofali iliyo jirani. Turubai halikingi radi. Nyumba hiyo ichaguliwe mapema, na ufunguo wake uwe mfukoni mwa mtu aliyepo pale pale.