SOMO: Udongo kwanza, mbegu baadaye. Bustani ya mboga nyumbani kwa Maandiko

Bwana asifiwe wapendwa.

Kila wiki naulizwa, "Mama Debora, unatumia mbegu gani?" Naulizwa baada ya ibada, naulizwa sokoni, napigiwa simu usiku. Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja hapa.

Jibu liko Mathayo 13. Mpanzi alikuwa mmoja na mbegu zilikuwa zile zile. Za njiani zililiwa na ndege, za penye miamba zikanyauka kwa kukosa mizizi, za kwenye miiba zikasongwa, na za udongo mzuri zikazaa mia, sitini, thelathini. Kilichotofautiana ni udongo. Najua Bwana alikuwa akisema habari za mioyo, na mfano ameufafanua mwenyewe. Lakini alichagua jambo ambalo kila mkulima aliyesimama pale ufukweni alilijua kwa macho yake. Sisi tunaitikia amina, kisha tunakwenda duka la pembejeo kununua pakiti ya bei kubwa na kuimwaga kwenye uwanja uliokanyagwa miaka kumi.

Niko Dodoma. Miaka sita ya kwanza nililima kwenye nyumba ya kupanga. Anayesema ataanza bustani akishajenga kwake asome Yeremia 29:5, "kapandeni bustani, mkale matunda yake". Barua ile iliandikwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, na nyumba zao halisi zilikuwa Yerusalemu.

Hatua ya 1. Mahali. Jua saa sita kwa siku, karibu na maji, kuku wasifike.

Hatua ya 2. Chimba kitalu cha kuzama. Wenzetu wa Dar es Salaam na Bukoba huinua matuta kwa sababu maji kwao ni mengi. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na tuta lililoinuliwa hupigwa na jua na upepo pande zote. Pima upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, urefu utakavyo. Ondoa udongo wa juu wa sentimita 30 uuweke kando. Chini yake utakutana na tabaka gumu. Livunje kwa sururu sentimita 30 nyingine, uliache humo humo. Rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyoiva, debe moja kwa kila mita ya mraba. Uso wa kitalu ubaki chini ya uwanja kwa kina cha kiganja, maji yakija yatulie humo. Udongo unaozidi jenga nao kingo.

Kumbukumbu la Torati 11:10-11 inatofautisha nchi mbili: Misri, ambako mtu alinywesha bustani yake ya mboga kwa mguu wake, na Kanaani, inayokunywa mvua ya mbinguni. Dodoma tuna Kanaani miezi mitano na Misri miezi saba. Panga kitalu chako kwa ajili ya ile saba.

Hatua ya 3. Samadi. Hapa naomba msome polepole.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa viroba vinne vya samadi ya kuku wa nyama, imetoka bandani asubuhi ile ile, bado ina maranda. Ilikuwa inachoma pua. Nikadhani ukali ule ndio nguvu yake. Jumamosi nikaichanganya kitaluni na jioni ile ile nikahamishia miche 60 ya sukuma wiki. Jumatano kingo za majani zilikuwa za kahawia. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Ijumaa miche ilikuwa imelala. Nilifunga na kuomba, nikakemea kila roho niliyoijua jina. Nilipong'oa mche mmoja nikaona mizizi imeungua, myeusi kama nyuzi zilizopitishwa motoni. Niliunguza miche 60 kwa mikono yangu, na nilikuwa nimeacha kulipa deni la watu ili ninunue miche ile. Mpaka leo linaniuma.

Kilichotokea ni hiki. Samadi mbichi ya kuku ina naitrojeni nyingi, kirutubisho cha majani, na ikiwa bado inaoza hutoa amonia. Harufu ile ya kuchoma pua ndiyo amonia yenyewe, nayo huunguza mizizi michanga. Maranda nayo yakianza kuozea kitaluni hunyang'anya mimea naitrojeni iliyobaki, ndiyo maana hata mche uliopona hubaki wa njano. Tena samadi mbichi ina vijidudu vya kuharisha, na mboga nyingine tunazila kwenye kachumbari bila kupika.

Luka 13:8, mtunza shamba anauombea ule mtini: "uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi". Nimekaa na mstari huu miaka. Anapalilia kwanza, halafu anatia samadi, na anaomba mwaka mzima. Mimi nilitaka siku sita.

Fanyeni hivi. Chimbeni shimo la kina cha mita moja hivi, kivulini. Huku kwetu shimo ni bora kuliko lundo kwa sababu linatunza unyevu. Pangeni tabaka: mabua makavu, majani mabichi na maganda ya jikoni, samadi, udongo kidogo, kisha mrudie. Nyunyizieni maji kila tabaka, liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Chomekeni kijiti kirefu hadi katikati. Baada ya siku nne kichomoeni mkishike: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa cha baridi na kikavu, ongezeni maji, kikiwa cha baridi na kinanuka uvundo, maji yamezidi, geuzeni. Geuzeni kila wiki mbili. Miezi miwili hadi mitatu itakuwa mboji nyeusi yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua ya kwanza.

ONYO: msiamini macho. Jazeni mboji kwenye kopo, mpande mbegu 20 za mchicha. Zikiota 15 au zaidi, na baada ya wiki moja majani bado ni ya kijani, pelekeni kitaluni. Zikigoma, rudisheni shimoni mwezi mwingine.

ONYO la pili: samadi ya ng'ombe na mbuzi ni ya upole kuliko ya kuku, lakini mbichi ni mbichi. Na ukipewa samadi ya zizi lililopuliziwa dawa juzi, iache.

Hatua ya 4. Mbegu. Mchicha, sukuma wiki, bamia, kunde, mlenda. Matembele hupandwa kwa vipande vya marando, si kwa mbegu. Mbegu nunua duka lolote linaloaminika, angalia tarehe ya mwisho kwenye pakiti. Basi.

Hatua ya 5. Funika udongo. Nyasi au majani makavu, unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Katika miaka ya 1980 mkulima Brian Oldreive wa Zimbabwe alitazama msituni akaona hakuna anayelima pale na majani yaliyoanguka yamefunika ardhi, akaanza kulima hivyo. Waliojifunza kwake huliita tandiko hilo blanketi la Mungu. Dodoma angalieni mchwa: wakija, punguzeni mabua magumu, tumieni majani laini.

Hatua ya 6. Maji. Asubuhi mapema au jioni. Miche mipya kila siku. Ikishashika, lita 10 kwa mita ya mraba kila baada ya siku mbili.

Hatua ya 7. Palilia kabla magugu hayajatoa mbegu. Mithali 24:30-31, shamba la mvivu lililomea miiba.

Hatua ya 8. Vuna. Mchicha wiki tatu hadi nne. Pembe ya kitalu iliyo karibu na geti siivuni. Ni ya apitaye, kwa Walawi 19:9. Nimepanda matembele pale kwa sababu ukiyachuma yanachipua tena, na bibi wa nyumba ya tatu anajua hahitaji kubisha hodi.

Ulizeni.

MASWALI

Kijana wa Nkuhungu: Somo zuri mama, ubarikiwe. Sasa mbegu gani nzuri ya sukuma wiki?

Mama Debora: Hatua ya 4.

Baba Neema: Shikamoo mama. Mimi nina swali la Walawi 19:19, usipande shamba lako mbegu za namna mbili. Je, kuchanganya mahindi na maharage ni kosa? Na mbegu chotara?

Mama Debora: Marahaba baba, asante kwa kuuliza baada ya kusoma. Sheria ile walipewa Israeli, na mstari huo huo unakataza vazi la nyuzi za namna mbili. Mimi sioni kwamba Mkristo amefungwa nayo, ila najua wapendwa wanaoishika na siwadharau. Soma pia Isaya 28:24-29: mkulima anaweka ngano kwa safu, shayiri mahali pake, nyingine mpakani, na nabii anasema Mungu wake ndiye amfundishaye. Ukitaka dhamiri itulie, panda kunde kitalu chake peke yake, na msimu ujao panda sukuma wiki pale pale. Mizizi ya kunde ina vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Ukivuna usiing'oe, kata shina, mizizi ibaki chini.

Chotara ya mahindi, baba na mama wote ni mahindi, kwa hiyo sioni namna mbili hapo. Tatizo lake ni la mfukoni: ukihifadhi mbegu zake, msimu ujao hazitafanana na mzazi. Mwanzo 1:29 inataja mche utoao mbegu. Mchicha na mlenda uache machache yakomae, utajitosheleza miaka.

Mpendwa_88: Nimepitia juu juu. Naomba namba ya muuza samadi.

Mama Debora: Siuzi wala simwakilishi muuzaji. Pitia chini chini.

Mjoli: Mama, mambo haya ni ya mwilini. Yesu alisema msisumbukie mtakula nini. Tuhubiri injili.

Mama Debora: Mtumishi, nimeisoma Mathayo 6 kabla ya kuandika. Alikataza kusumbuka, hakukataza kupanda. Mwanzo 2:15 mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na hiyo ni kabla ya dhambi kuingia. Kazi ile haikuwa adhabu. Wanangu wamekula mboga za uwanja ule mwaka ambao mshahara ulichelewa, na niliendelea kufundisha Shule ya Jumapili mwaka ule ule. Naomba tuachie hapo.

Binti Mgogo: Shikamoo mama. Waliofundishwa kilimo cha blanketi la Mungu kanisani kwetu waliambiwa wasilime kabisa. Wewe unachimba sentimita 60. Si unapingana na ulichokisema hatua ya 5?

Mama Debora: Marahaba mwanangu, swali hili nililisubiri. Nachimba mara moja tu katika maisha ya kitalu. Viwanja vyetu vya mjini vimekanyagwa na magari ya mafundi, vina tabaka gumu ambalo mzizi haupenyi. Ndiyo "penye miamba" ya kwetu: mche unachipua haraka kisha jua likiwaka unakufa. Nikishalivunja sigeuzi tena. Naweka mboji juu, nafunika, minyoo inashusha yenyewe. Kitalu cha kwanza nilichochimba hapa kwangu kina miaka tisa hakijaguswa na jembe, na kidole changu kinazama chote.

Kijana wa Nkuhungu: Nyanya zangu zinaoza kitakoni, nimekemea lakini wapi.

Mama Debora: Doa jeusi kavu chini ya tunda? Ni maji ya kubahatisha, leo mengi, siku nne hakuna. Madini ya kalisi (kalsiamu) hayafiki kwenye tunda. Funika udongo, mwagilia kwa ratiba. Na kama majani yana michoro myeupe kama ramani, huyo ni kanitangaze, kiwavi mharibifu wa nyanya. Yachume uyafukie shimo refu, usiyaache pembeni. Kuomba endelea, na ratiba iandike ukutani.

Mama Mapacha, Ihumwa: Maji yetu ni ya kisima na yana chumvi. Kingo za majani zinaungua kama ulivyoeleza, lakini samadi yangu ni ya mwaka jana.

Mama Debora: Basi tatizo lako ni chumvi, dada. Usinyunyizie majani, mwaga chini. Usimwage kidogo kidogo kila siku, chumvi inabaki juu. Mwaga mengi kwa mara moja, kila baada ya siku chache, chumvi ishuke. Mvua ikinyesha kinga kila tone la bati. Panda mchicha na spinachi, vinavumilia kuliko maharage.

Msabato wa Area C: Dada, kitalu changu kinateseka siku ya Sabato. Ijumaa jioni namwagilia, lakini Oktoba Jumamosi mchana kinakuwa kimenyauka.

Mama Debora: Fukia chungu. Chungu cha udongo cha kawaida, kisichopakwa rangi, cha lita 5 hadi 10. Kifukie katikati ya kitalu, shingo pekee ibaki juu, ukijaze, ukifunike kwa kigae mbu wasizalie. Maji hupenya ukutani polepole kadiri udongo unavyokauka. Panda kukizunguka, sukuma wiki nne, kila mmoja umbali wa mkono mmoja mfupi. Changu hukaa na maji siku tatu hata Oktoba.

Binti Mgogo: Mama, bibi yangu anafinyanga! Je, chungu chochote kinafaa?

Mama Debora: Kumbe una hazina nyumbani. Mwambie asikisugue kwa jiwe mpaka king'ae, kikisuguliwa sana matundu yanaziba. Kipime hivi: kijaze jioni, kiweke juu ya karatasi kavu. Asubuhi ukuta wa nje ukiwa na unyevu na karatasi imelowa kidogo, fukia. Ukuta ukiwa mkavu, kipikieni mlenda. Na ukisikia maji yanadondoka, kina ufa.

Mama Mapacha, Ihumwa: Bibi anauza? Mimi nahitaji sita.

Binti Mgogo: Nakwenda Veyula Jumamosi, nitamuuliza nikupe jibu hapa hapa.