Jinsi ya kuanza maisha ya uhadhiri kama kwenu hakuna aliyepita njia hiyo

Hii naiandika kwa wale waliomaliza digrii na GPA nzuri, yaani wastani mzuri wa alama, mwalimu mmoja akawaambia "wewe ungebaki chuoni ufundishe", na nyumbani hakuna hata mtu mmoja wa kumuuliza huko kubaki kukoje. Mama anaujua ualimu wa shule ya msingi, mjomba anaujua wa sekondari, ila uhadhiri ni jamii nyingine kabisa, ina wakubwa wake, ina kazi zinazohesabiwa na kazi zisizohesabiwa, na wanaofika mbali mara nyingi sio kwamba wana akili kuliko wenzao, ni kwamba walijua mapema mambo yanavyoendeshwa. Wanasosholojia wamelichunguza hili miaka mingi sana, na mimi inaniuma kuona tunalikariri kwa ajili ya UE, mitihani ya chuo, afu tunalisahau, wakati lingeweza kumsaidia mtoto wa mkulima wa Mbozi au Kilwa ajipange vizuri.

Anza na ngazi zenyewe. Kwa Tanzania unaingia kama TA (Tutorial Assistant, ngazi ya chini kabisa) ukiwa na digrii ya kwanza, ukimaliza masta unakuwa mhadhiri msaidizi, ukipata PhD mhadhiri, halafu mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Matangazo mengi ya vyuo vya umma yanadai GPA ya 3.8 kati ya 5 kwa digrii ya kwanza, na ukija na masta wanataka hiyo 3.8 pamoja na 4.0 ya masta. Soma hapo tena taratibu. Maana yake ukipata masta ya 4.5 lakini digrii ya kwanza ulitoka na 3.6, mlango wa kawaida umeshafungwa, na kilichoufunga inawezekana ni kozi chache za mwaka wa kwanza ulizozibeba na C wakati bado unashangaa mji na bumu, ile hela ya kujikimu, halijaingia.

Sasa jiulize nani anayajua haya akiwa mwaka wa kwanza. Ni yule ambaye dada yake ni mhadhiri au baba yake anakaa nyumba za chuo. Wanasosholojia Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron waliandika juu ya wanafunzi wa Ufaransa mwaka 1964 wakaonyesha kwamba watoto wa wasomi hawarithi pesa tu, wanarithi pia ule wepesi wa kuwa chuoni, wanajua cha kuuliza na wa kumuuliza, wanajua kuongea na mwalimu bila kutetemeka, halafu chuo kinauita huo wepesi kipaji. Kama hukuurithi basi unaukusanya kwa makusudi, na inawezekana kabisa. Kama bado upo chuoni nenda ofisini kwa mwalimu saa za kuonana na wanafunzi hata kama huna tatizo, nenda na swali moja la kweli kuhusu alichofundisha. Nenda kwenye semina za idara ukae nyuma usikilize watu wazima wanavyobishana bila kugombana. Na tafuta muundo wa utumishi wa wanataaluma wa chuo unachokilenga uusome wote, kwenye vyuo vingi sio siri, basi tu watu hawauombi.

Kuomba kazi kwenyewe sitakaa sana. Nafasi za vyuo vya umma zinatangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, unajisajili kwenye Ajira Portal, kuna mchujo wa kuandika na kuna mahojiano. Hakikisha majina kwenye vyeti vyote yanafanana, kama hayafanani shughulikia kiapo mapema, usisubiri tangazo litoke.

Jambo kubwa kuliko yote, na hapa naomba unisikilize vizuri, ni supavaiza, yaani msimamizi wa tasnifu yako ya masta au PhD. Watu wanachagua chuo, wanachagua mada, supavaiza wanapangiwa wanakubali tu, wakati huyo mtu ndiye atakayeamua unamaliza kwa miaka 3 au 8, unajulikana au hujulikani. Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton wa Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani aliandika makala maarufu kuhusu namna sifa zinavyogawanywa kwenye sayansi, akachukua yale maneno ya Injili ya Mathayo kwamba mwenye nacho ataongezewa na asiye nacho atanyang'anywa hata kile alicho nacho. Alichosema ni kwamba watu wawili wakifanya kazi ileile, mwenye jina kubwa ndiye anayekumbukwa. Na uzito wa jambo hili unauona kwenye makala yenyewe, maana sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka kwenye mahojiano na washindi wa Nobel yaliyofanywa na Harriet Zuckerman, aliyekuwa mwanafunzi wake, ila jina kwenye makala likawa la Merton peke yake, na miaka michache baadaye Merton mwenyewe akaandika kwamba ilistahili iwe na majina yote mawili. Kama limetokea kwa mtu aliyekuwa anachunguza jambo hilohilo, idarani kwenu litashindwaje kutokea.

Kwa hiyo kabla hujamkubali mtu, tafuta wanafunzi wake wa zamani, wale waliomaliza na hasa wale walioacha, uwaulize: sura ya tasnifu ukimpelekea inarudi baada ya muda gani? Makala zilizotoka kwenye tasnifu yako jina la kwanza lilikuwa la nani? Aliwahi kukupeleka kwenye mkutano au kukutambulisha kwa mtu? Anakutuma kazi zake binafsi? Majibu yao yana thamani kuliko orodha ya machapisho yake.

Afu mkishaanza, elewaneni mapema kuhusu majina. Najua kwetu kumwambia mkubwa kitu kama hicho inaonekana utovu wa adabu, ndo maana wengi wananyamaza wanaumia. Ila inasemeka kwa heshima, andika barua pepe fupi hivi: "Shikamoo Prof. Nashukuru kwa kikao cha jana. Kama nilivyoelewa, mimi nitakusanya data na kuandika rasimu ya kwanza, na makala itakayotoka kwenye sura ya tatu nitakuwa mwandishi wa kwanza na wewe wa pili. Kama nimeelewa vibaya naomba unirekebishe." Hakuna mtu mwenye nia njema atakayekasirikia ujumbe huo. Na usiutume pepa imeshakamilika, utume kabla hujaenda fildi. Tabia ya kuandika muhtasari baada ya kila kikao ibaki nayo, maprofesa wana mambo mengi na wanasahau kweli, Januari anakwambia punguza nadharia, Aprili anakuuliza nadharia iko wapi.

Na kuna hili ambalo halizungumzwi kwa sauti ya kutosha. Mtu akikudai mwili ili akupe alama au asaini kazi yako, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa la jinai Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kifungu cha 25. Usifute meseji, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, andika tarehe na mahali, kuna madawati ya jinsia vyuoni na kuna TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba yao ya bure ni 113. Sio kosa lako na usikubali mtu akakwambia uvumilie umalize.

Kwa dada zangu niongeze. Wangari Maathai alipata PhD yake Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika hapo, na bado akiwa mhadhiri palepale ilibidi yeye na mwenzake Vertistine Mbaya wapigane na chuo ili walimu wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume, maana kwa mwanamke aliyeolewa ilihesabiwa kwamba nyumba ni jukumu la mumewe. Siku hizi ubaguzi wa wazi namna hiyo umepungua ila umehamia kwenye kazi za pembeni. Angalia idarani nani anaandika muhtasari wa vikao, nani anakaa na wanafunzi wenye msongo, nani yuko kamati ya misiba na sherehe. Ni kazi za lazima na zina utu ndani yake, lakini siku ya promosheni zinahesabika kidogo sana ukilinganisha na machapisho. Kwa hiyo kila mwaka ziandike zote, peleka kwa mkuu wa idara uombe zigawanywe, na ukipewa ya tatu sema "Dokta, hii nitaifanya nikipumzishwa ile nyingine." Kuhusu PhD na watoto, uliza habari za mpango wa sandwichi ambapo unakaa nje miezi kadhaa unarudi nyumbani, miradi ya Uswidi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imesomesha watu wengi kwa njia hiyo, na mama wa watoto wadogo anaweza kuubeba kuliko kukaa Ulaya miaka minne mfululizo.

Twende kwenye pesa na ndugu, maana hapa ndo wengi wanapokwama. Jamii yetu ina historia yake na wasomi. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara, na Nyerere akawafukuza karibu 400 akawarudisha makwao, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja yake ilikuwa kwamba msomi amesomeshwa kwa jasho la wakulima hivyo hana haki ya kujitenga nao. Lile deni bado lipo vichwani mwa watu, ila sasa limehamia kwa ukoo, yaani kijiji hakikudai tena ujenge taifa, kinadai ulipe ada za wadogo zako na uwe na gari. Wakati huohuo ukiwa na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara inaondoka kabla hujauona. Kaa na wazazi mapema uwaambie ukweli kwamba TA anaenda kusoma tena miaka mingi, kwamba PhD haimpi mtu utajiri, na utaje kiasi unachoweza kutuma kila mwezi kisichobadilika. Mzazi akijua namba anaacha kukisia.

Mshahara usipotosha inakuja konsaltansi, yaani kazi za utafiti na ushauri za kulipwa na watu wa nje ya chuo. Mahmood Mamdani, msomi wa Uganda, ameandika sana kuhusu Chuo Kikuu cha Makerere cha kwao, jinsi ilivyobadilika tangu miaka ya 90 ilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia kwa wingi na walimu wakawa wanakimbizana na vipindi vya jioni na ripoti za wafadhili, na wasiwasi wake ni kwamba mtafiti anazoea kujibu maswali ya watu wengine anasahau kuuliza ya kwake. Simkatazi mtu konsaltansi, watoto lazima wale. Lakini jiwekee kanuni: kwanza usichukue kazi ambayo mkataba unakunyima kutumia data kwenye machapisho yako, hilo linajadilika kabla ya kusaini na sio baada. Pili asubuhi mbili za wiki ziwe za maandishi yako tu, simu imezimwa. Mtu asiye na hizo asubuhi mbili miaka inapita yupo palepale mhadhiri, na wanafunzi wake wanampita.

Kwenye machapisho usiwe na haraka ya kijinga. Jarida linalokuandikia lenyewe, linakusifu, linakubali makala ndani ya siku tatu na linataka dola, liache. Kamati za promosheni siku hizi zinayajua. Angalia makala unazozisoma wewe mwenyewe na kuzikubali zimetoka wapi, peleka huko, ukikataliwa rekebisha upeleke kwingine. Na usidharau majarida ya kwetu, kama unaandika kwa Kiswahili lipo jarida la Kiswahili la TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lenye heshima yake. Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, alilalamika miaka mingi kwamba utafiti wa Afrika unaelekezwa nje, data inatoka hapa, nadharia na wasomaji wako kule. Mimi namuunga mkono kwa moyo wote. Kwa hiyo fanya hivi: ukimaliza utafiti kijijini, andika kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida, rudi, omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji uwasomee walichokwambia na ulichokielewa. Weka nauli ya safari hiyo kwenye bajeti ya projekti tangu mwanzo. Watakusahihisha, na marekebisho yao yataipa nguvu makala yako kuliko ya mhakiki wa jarida ambaye hajawahi kufika Newala.

Mwisho kabisa panga na mlango wa kutokea. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliwaambia wanafunzi wa Munich mwaka 1917 kwamba kupata nafasi chuoni kunategemea bahati kwa kiasi kikubwa mno, na alisema hivyo akiwa yeye mwenyewe amefanikiwa kijana. Weka umri au mwaka ambao usipopata ajira ya kudumu unahamia kwingine, wizarani, taasisi za utafiti, mashirika, na mwambie mtu mmoja huo mwaka ili akukumbushe. Wakati unasubiri utaitwa kufundisha kwa muda, "njoo utusaidie semista hii", na hapo omba barua yenye idadi ya kozi, malipo kwa saa na tarehe ya kulipwa kabla hujaingia darasani. Wakisema barua itakuja baadaye, waambie kwa upole utaanza ikishafika.