Kupata marafiki Uswidi: namba, kalenda na chumba cha kufulia

Uswidi urafiki hauanzi kwa kupiga hodi mlangoni kwa mtu. Wenyeji wengi si watu wa maringo. Ni watu ambao Jumamosi yao ya wiki mbili zijazo imeshapangwa. Anayekaa nyumbani akingoja kualikwa atangoja sana. Njia ya uhakika ni kuonana na watu walewale, mahali palepale, kila wiki, hadi sura yako iingie kwenye ratiba yao.

Kabla ya hapo kuna karatasi. Kama unakusudia kukaa nchini mwaka mmoja au zaidi, nenda ofisi ya Skatteverket, mamlaka ya kodi, ujiandikishe kuwa mkazi. Beba pasipoti, kibali cha kuishi, na kama umekuja na familia, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Utapewa personnummer, yaani tarehe yako ya kuzaliwa ikifuatiwa na tarakimu nne. Namba hiyo inahusiana na urafiki kuliko inavyodhaniwa. Bila hiyo ni kazi kupata kitambulisho na akaunti kamili ya benki. Bila benki hupati BankID, kitambulisho cha kidijitali cha kwenye simu. Na bila BankID huna Swish. Sasa, Swish ndiyo watu wanayotumia kurushiana pesa kwa namba ya simu, na matembezi mengi huishia hapo: mmoja analipa bili yote ya piza, wengine wanamrushia sehemu yao kabla hawajainuka mezani. Asiye na Swish amwambie mhudumu mapema kwamba atalipa peke yake kwa kadi. Noti usizitegemee, maana maduka na mikahawa mingi haizipokei. Aliyekuja kwa masomo ya chini ya mwaka kwa kawaida hapewi namba hiyo, basi ajipange na kadi tangu mwanzo.

Kila mtu hujilipia. Aliyesema "twende tukanywe kahawa" hajasema atalipa, wala huo si uchoyo. Ukitaka kulipia wewe, tamka mapema: "jag bjuder", yaani nalipa mimi. Ukilipa kimyakimya unamwachia mwenzio deni linalomkera.

Jambo moja la kila wiki

Uswidi ni nchi ya vyama. Kuna kwaya karibu kila mtaa, kuna Korpen kwa wanaocheza michezo bila mashindano makali, kuna Friluftsfrämjandet kwa wapenda misitu na theluji, na kuna vikundi vya kujifunzia vya mashirika ya elimu ya ABF na Studiefrämjandet, kuanzia ufinyanzi hadi gitaa. Chagua kimoja tu. Mihula huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, na tena Januari, kwa hiyo jiandikishe wiki chache kabla. Anayetafuta kikundi Novemba hukuta nafasi zimejaa na watu wameshazoeana.

Wiki za kwanza utapata salamu na tabasamu, basi. Usikate tamaa kabla muhula haujaisha. Kitu cha kushika ni fika, mapumziko ya kahawa na andazi la mdalasini katikati ya mazoezi. Mgeni mwenye haya huchukua kikombe akasimama pembeni na simu yake, na hapo ndipo anapokosa kila kitu. Kaa mezani. Mara nyingi kuna orodha ya nani analeta vitafunio lini. Andika jina lako. Vyama vingi hufanya mkutano mkuu wa mwaka kabla ya Aprili na kila mara vinasaka wajumbe wa kamati. Kujitolea kupanga viti au kutunza funguo za ukumbi hukuleta karibu na watu upesi kuliko mazungumzo matamu.

Mzazi aliye kwenye likizo ya uzazi ana mlango mwingine, öppna förskolan, ambako mzazi huenda na mtoto wake mdogo na kubaki naye. Kwa kuwa wazazi hupata siku 480 za likizo ya kulipwa kwa kila mtoto, na 90 kati ya hizo zimetengwa kwa kila mmoja wao, utakuta akina baba wengi tu wamekaa sakafuni wakiimba.

Lugha haina haja ya kukamilika kwanza. SFI, masomo ya Kiswidi kwa wahamiaji, hutolewa bure na manispaa, na maktaba nyingi zina språkkafé, vikao vya kuzoeza lugha kwa mazungumzo. Tatizo ni kwamba ukisitasita kidogo tu, Mswidi anahamia Kiingereza kwa nia njema. Mwombe mapema: "Kan vi ta det på svenska?", yaani tuongee kwa Kiswidi? Mkikubaliana dakika 20 za Kiswidi kisha lugha yoyote, hakuna anayechoka.

Kualika na kualikwa

Mkishazoeana, wewe ndiye uanze. Anza na fika, si chakula cha jioni, kwa sababu kahawa haimfungi mtu sana. Tuma ujumbe wiki mbili au tatu kabla, ukitaja siku, mahali, saa ya kuanza na hata saa ya kumaliza. "Tuonane siku moja" huku ni adabu tu, haina tarehe. Weka namba za wiki za mwaka kwenye kalenda ya simu, maana mtu atakuambia "wiki ya 12" akidhani unajua ni lini. Saa nayo ina mtego: "halv sju" ni saa kumi na mbili na nusu, si saa moja na nusu. Uliza kuhusu mzio na vyakula asivyokula, kisha taja na vyako. Akikataa lakini akapendekeza siku nyingine, anataka. Akikataa mara mbili bila kupendekeza siku, mwache apumue.

Ukialikwa, fika kwa saa uliyoambiwa. Dakika tano za kuchelewa hazina neno. Kuwahi ni kubaya zaidi, zunguka mtaa kwanza. Viatu huvuliwa mlangoni, basi kagua soksi zako. Maua au chokoleti vinatosha. Mkiambiwa mje na vinywaji vyenu, kumbuka kwamba vyenye kilevi cha zaidi ya asilimia 3.5 kwa kawaida huuzwa Systembolaget, maduka ya pombe ya serikali, ambako Jumamosi hufungwa mapema, mara nyingi saa tisa alasiri, na Jumapili hakufunguliwi kabisa. Asiyekunywa hahojiwi. Usije na binamu, viazi vimehesabiwa. Kesho yake tuma shukrani, na mkionana tena anza na "tack för senast", yaani asante kwa mara ile.

Mtoto akienda kucheza kwa mwenzake, mkubaliane na wazazi kwa ujumbe saa ya kumchukua na kama atakula huko. Zipo familia ambako mtoto mgeni hungoja chumbani wenyeji wakila, kwa dhana kwamba kwao anapikiwa.

Jirani hujengwa kwenye chumba cha kufulia

Kwenye majengo ya ghorofa mashine za kufulia mara nyingi ni za wote, na hapo jina zuri hupotea haraka. Weka zamu yako kwenye ubao au kwenye programu ya jengo; kwa kawaida zamu huchukua muda wa saa tatu au nne. Anza kwa wakati, kwani majengo mengi huruhusu mwingine kuchukua zamu ukichelewa nusu saa. Mzigo wa mwisho uingie mapema ili ukauke ndani ya muda wako. Kisha safisha kichujio cha mashine ya kukaushia, kile chenye utando wa nyuzi za kijivu, futa droo ya sabuni, piga deki, na uondoke na soksi zako zote. Ukisahau kichujio, utakuta karatasi ukutani imeandikwa kwa upole wa kutisha, bila jina. Usijibu kwa karatasi. Siku ya usafi wa jengo, majira ya kuchipua au vuli, shuka na glovu: baada ya kufagia majani huchomwa soseji, na jirani aliyekupita kimya mwaka mzima ataanza kuongea.

Majira yana sheria zake. Desemba Stockholm hupata kama saa sita za mwanga, na kuanzia Oktoba hadi Machi jua halitoshi kuupa mwili vitamini D. Mwenye ngozi nyeusi aulize kituo cha afya kuhusu dozi. Miezi hiyo ndiyo ya kualikana nyumbani. Julai watu huondoka, kwani sheria inawapa wafanyakazi haki ya wiki nne mfululizo za likizo kati ya Juni na Agosti. Ujumbe usiojibiwa Julai usiuhesabu. Mkesha wa Midsommar, sikukuu ya katikati ya kiangazi, Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni, hupangwa miezi kabla. Ukitaka kuwa nao, uliza Aprili.