Kikapu cha mboga cha kila wiki: acheni kupanda zote siku moja

Wakulima wa Limuru na Kikuyu mnaopelekea familia za Nairobi kikapu kila wiki, wale mnaolipwa mwezi mzima mbele kwa M-Pesa, hii ni yenu. Mbolea na kupalilia mnajua, siongei hayo. Shida ni siku ya kupanda. Mvua ikinyesha mtu anamwaga mbegu zote mara moja, baada ya wiki kadhaa kikapu hakifungiki kwa terere (mchicha) na dania, baadaye kidogo hakuna kitu, dania imetoa maua, sasa anakimbia soko la Marikiti usiku kununua mboga za kujazia. Mteja akigundua anahama halafu mnalia. Jamani, mboga za soko anazo kwa mama mboga hapo getini kwake tena bei nafuu, wewe anakulipa mbele ndio ajue zimetoka shamba gani.

Panda kwa zamu. Terere ni wiki 3 hadi 4, dania wiki 6 hivi, kwa hivyo kila Jumatatu tuta moja la terere na moja la dania, hata kama la wiki iliyopita linapendeza macho. Karoti panda kila baada ya wiki 3, na hiyo inakaa kama miezi 3 shambani, kwa hivyo ya kikapu cha mwanzo wa Septemba mbegu iwe chini mwanzo wa Juni, Julai umechelewa.

Sukuma iko tofauti kwa sababu unachuma majani tu. Nafasi sentimita 60 kwa 45, chuma majani 2 kwa kila mmea kwa wiki, basi, ukinyonyoa hadi kibaki kichwa mmea unadumaa. Familia moja majani 12 ni mimea 6, familia 30 ni mimea 180, ongeza 40 ya kufidia itakayoliwa na viwavi. Kuna watu wana mimea 100 wanaandikisha familia 30, hiyo hesabu mlisoma wapi?

Na pesa ya kwanza usiipokee kabla matuta 3 ya terere hayajafuatana: moja la kuvuna, moja la katikati, moja limeota juzi. Kikapu kikijaa sawa wiki 8 mfululizo uko poa.

Tuta likiharibiwa na baridi ya Julai, tuma meseji siku mbili kabla, sema dania wiki hii hakuna, ongeza sukuma ama urudishe pesa ya hiyo dania.