Jinsi ya kuomba ripoti ya matibabu baada ya jeraha la shina la ubongo

Mtu anaweza kuumia shina la ubongo, sehemu ya chini inayouunganisha ubongo na uti wa mgongo, akalazwa miezi, kisha akatoka na karatasi yenye maneno matatu tu: "jeraha la kichwa". Kwa maneno hayo, anayeweka msimbo, yaani alama fupi ya herufi na namba inayotaja ugonjwa au jeraha, hana pa kwenda ila S09.9, yaani jeraha la kichwa lisilobainishwa. Huko bima au kwenye mafao ya ulemavu, msimbo huo unasomeka kama nundu iliyopona. Kwa hiyo usiombe "ripoti" tu. Omba ripoti inayosema kilichoumia, kimeumia vipi, na fahamu ilipotea kwa muda gani.

Anza na ruhusa. Mgonjwa mwenye fahamu atie saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Asiyejiweza anahitaji mtu anayetambuliwa kisheria kumsemea, na karatasi ya kuthibitisha hilo huchelewa kuliko zote, kwa hiyo ianze kushughulikiwa hata akiwa bado wodini.

Kisha nenda idara ya kumbukumbu ukaombe nakala za faili zima, tangu siku ya kwanza: karatasi ya gari la wagonjwa, maelezo ya mapokezi ya dharura, majibu ya picha na chati za wauguzi. Picha ziangalie kwa makini. CT, picha ya kichwa ya eksirei za kompyuta, ya usiku wa ajali huonyesha haraka damu iliyovuja na fuvu lililovunjika, lakini jeraha dogo kwenye shina la ubongo huweza kuipita, likaja kuonekana siku kadhaa baadaye kwenye MRI, picha ya sumaku. Muhtasari wa kutoka hospitali ukibeba majibu ya CT pekee, jeraha lenyewe linakuwa limeachwa nje ya karatasi.

Chati ya wauguzi ndiyo hazina. Utaona alama za fahamu, herufi E, V na M zenye namba pembeni: macho kati ya 1 na 4, maneno 1 hadi 5, miendo 1 hadi 6. Jumla ni kati ya 3 na 15, na 8 kushuka chini huhesabiwa jeraha kali. Ukikuta T kwenye V, mgonjwa alikuwa na mrija kooni, hakuweza kutamka hata kama angetaka. Andika saa aliyopoteza fahamu na saa ya kwanza alipofumbua macho au kufuata agizo. Kama alikuwa amelazwa usingizi kwa dawa, daktari alitaje hilo wazi, maana usingizi wa dawa na koma ya jeraha si kitu kimoja.

Saa hizo hubadili msimbo. Katika ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa na majeraha ya Shirika la Afya Duniani, jeraha lililosambaa ndani ya ubongo ni S06.2, la sehemu moja ni S06.3, na lenye koma ndefu lina S06.7. Toleo la Marekani limetenga S06.38 kwa mchubuko, mpasuko na damu ya shina la ubongo. Katika toleo hilo, tarakimu ya sita hutaja muda wa kupoteza fahamu, kuanzia dakika 30 au pungufu hadi zaidi ya saa 24, na herufi ya mwisho ni A kwa matibabu yanayoendelea, D kwa ufuatiliaji, S kwa athari zilizobaki.

Barua yenyewe iwe fupi: "Naomba ripoti ya matibabu kwa ajili ya madai. Naomba daktari ataje sehemu ya ubongo iliyoumia, majibu ya CT na MRI pamoja na tarehe zake, alama za fahamu alipofika, muda wa kupoteza fahamu, matibabu yote, na hali yake ya leo." Usimwombe mtu akupandishie msimbo. Msimbo hufuata maneno ya daktari, na usiolingana na faili utayaangusha madai yote.

Kwenye matibabu, hakikisha zimetajwa siku za mashine ya kupumulia, tundu la kupumulia la shingoni, mrija wa kulishia na hatua za kushusha shinikizo ndani ya fuvu. Msomaji wa madai asipoona upasuaji hudhani jeraha lilikuwa jepesi. Sivyo. Shina la ubongo ni dogo na limebeba njia za pumzi, mapigo ya moyo na kuamka, hivyo mara nyingi tiba ni kulilinda: oksijeni isipungue, presha isishuke.

Jambo moja naliweka moyoni. Wapo wanaosikia na kuelewa kila kitu lakini mwili hausogei, wamebakiwa na macho ya kupanda na kushuka tu. Kama ndugu yako huinua macho ukimwita, omba apimwe rasmi na iandikwe. Neno "hajibu" kwenye ripoti yake ni kosa zito mno.

Kabla ya kuondoka dirishani, soma kila ukurasa: jina, tarehe, upande wa mwili uliopooza, saini na muhuri. Peleka nakala, ya asili ibaki nyumbani. Ukiomba tena baada ya matibabu kwisha, ripoti itaje tatizo lililobaki, kama kushindwa kumeza au kuona viwili, pamoja na T90.5, msimbo wa ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani wa athari za jeraha la ndani ya fuvu.