Kutambua na Kulinganisha Chapa za The Dark Side of the Moon

Albamu hii ya bendi ya Pink Floyd ilirekodiwa katika studio za Abbey Road, London, Alan Parsons akiwa fundi wa sauti, ikatoka Machi 1973. Tangu hapo imechapwa kwenye santuri katika nchi nyingi, na jalada lake la mche wa kioo na mwanga uliopasuka rangi limebaki karibu lile lile. Anayenunua kwa kuangalia jalada hujikuta na nakala tatu za mchongo mmoja (yaani mifereji iliyochongwa mara moja kwenye bamba la awali), au analipa bei ya chapa ya kwanza kwa nakala iliyotoka kiwandani miaka kadhaa baadaye. Majalada nayo hubadilishana santuri mikononi mwa wauzaji. Kwa hiyo anza na santuri yenyewe.

Toa santuri, ishike kingoni, washa tochi ya simu na umulike kwa ubavu ile pete isiyo na muziki kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kwenye chapa ya Uingereza utaona SHVL 804, yaani namba ya katalogi, kisha A au B kwa upande, kisha tarakimu. Tarakimu hiyo ndiyo namba ya mchongo. Nakala za mwanzo kabisa zina A-2 na B-2. Sasa geuza santuri hadi namba hiyo iwe chini, upande wa kifua chako. Kushoto kuna tarakimu ndogo, mara nyingi moja tu: hiyo ni namba ya bamba mama, bamba la chuma linalozaa mabamba ya kukandamizia santuri. Kulia kuna herufi moja, mbili au tatu, na hapo ndipo utamu ulipo. Kiwanda cha EMI, kampuni iliyochapa santuri hizi Uingereza, kule Hayes kilihesabu mabamba ya kukandamizia kwa herufi za GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, M ni 4, O ni 5, P ni 6, H ni 7, L ni 8, T ni 9 na D ni 0. Ukiona G peke yake, ni bamba la kwanza. GR ni la 12. RAD ni la 230. Herufi za namba ndogo zinaonyesha umapema, si ubora. Bamba moja lilikandamiza nakala nyingi, na zile za mwisho zilitoka likiwa limechoka.

Lebo hufuata baada ya hapo. Chapa ya kwanza ya Harvest, tawi la EMI lililotoa albamu hii, ina pembetatu ya buluu iliyojazwa rangi. Za baadaye zina mistari tu ya pembetatu. Maandishi ya ukingoni yakianza na The Gramophone Co. Ltd, lebo ilichapwa kabla ya kampuni kubadili maandishi kuwa EMI Records Ltd katikati ya 1973. Usikate shauri kwa lebo pekee, maana kiwanda hakikutupa lebo zilizobaki: lebo ya zamani juu ya mchongo mpya si jambo la ajabu. Ndani ya jalada panatakiwa kuwa na mabango mawili na stika mbili. Zikikosekana, bei ishuke, na kwa kweli ishuke sana.

Chapa nyingine zinazostahili kusikilizwa ni hizi. Ya Marekani ni SMAS-11163. Ya Japani ni EOP-80778, na kuna EMLF-97002 ya mfululizo wa Pro-Use, uliolenga wapenda ubora wa sauti. Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani ya matoleo maalumu, walitoa MFSL 1-017 mwaka 1979, iliyochongwa na Stan Ricker kwa nusu ya kasi: utepe na mashine ya kuchonga vyote vikienda polepole, sindano ya kuchongea hupata muda wa kufuata sauti za juu, ingawa besi ya chini kabisa huwa ngumu zaidi kwa njia hiyo. Kuna pia chapa ya 2003, si ya Mobile Fidelity, iliyochongwa na Doug Sax na Kevin Gray, na ya 2016 ilisimamiwa na James Guthrie, Joel Plante na Bernie Grundman. Q4SHVL 804 ni jambo jingine kabisa. Ni mchanganyiko mwingine wa Parsons, wa spika nne, na ukiuchezea kwenye spika mbili, vyombo vinakaa mahali pasipo pake. Usiulinganishe na zile nyingine.

Kama ndiyo unaanza, nunua nakala safi ya chapa ya kawaida ya miaka ya 1970 kabla ya kufukuzia A-2/B-2 iliyolika. Mifereji iliyokwanguliwa na sindano mbovu hairudi, hata ukiosha mara kumi.

Kuosha ni lazima kabla ya kulinganisha, la sivyo utakuwa unapima vumbi. Changanya mililita 800 za maji yaliyotoneshwa na mililita 200 za alkoholi ya isopropili, na matone matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na rangi wala harufu. Ukinunua yale maji ya betri ya kituo cha mafuta, soma chupa vizuri uhakikishe si asidi. Funika lebo, paka kwa brashi laini ukifuata mzunguko wa mifereji, kisha suuza mara mbili kwa maji yaliyotoneshwa matupu. Sabuni iliyobaki hukauka ndani ya mfereji na kuleta mchakacho wa sauti ambao watu husingizia kiwanda. Acha santuri ikauke ikiwa imesimama, kisha iingize kwenye mfuko mpya wa politheni. Mifuko ya PVC hutia santuri ukungu usiofutika. Kwa wanaoishi pwani, joto na unyevu huotesha kuvu kwenye karatasi, hivyo weka santuri wima, mbali na ukuta wa nje.

Pima uzito ambao sindano inaukandamizia santuri, kwa mizani ndogo ya kidijitali. Vichwa vingi (vile vinavyobeba sindano) hutaka gramu 1.5 hadi 2, ila fuata alichoandika mtengenezaji. Santuri ya gramu 180 ni nene kuliko ya kawaida, kwa hiyo hakikisha mkono wa sindano bado uko sambamba nayo. Kisha linganisha ukubwa wa sauti. Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu chapa yenye sauti kubwa kidogo huonekana bora hata kwa tofauti ya desibeli 1. Cheza kipande kile kile cha kila nakala, pima kwa programu ya desibeli simu ikiwa mahali pamoja, na andika alama ya kitufe cha sauti kwa kila nakala. Njia sahihi zaidi ni kurekodi zote kwenye kompyuta kwa biti 24, kusawazisha viwango, kisha kumwomba mtu akuchezee bila kukutajia ipi ni ipi.

Vipande vitano vinatosha. Mapigo ya moyo mwanzoni mwa Speak to Me yako chini sana, hivyo hufichua kelele za plastiki yenyewe. Saa za Time huonyesha kama sauti kali zinapasuka. Mashine za fedha za Money hupimia ulinganifu wa kushoto na kulia. Mapigo ya mwisho ya Eclipse yako karibu kabisa na lebo, ambako mfereji ni mfupi kwa kila mzunguko na sauti hubanwa.

Cha tano ni The Great Gig in the Sky, nacho kipewe muda. Sikiliza piano ya mwanzo: nota ndefu zikiyumba, zikipanda na kushuka kila baada ya sekunde 1.8, tundu la katikati halikutobolewa sawasawa, maana sekunde 1.8 ni mzunguko mmoja wa santuri hii. Utauona mkono wa sindano ukienda kulia na kushoto. Mkwaruzo nao hulia kwa mwendo huo huo, ila kama mlio mfupi usioyumbisha nota. Kisha ngoja Clare Torry, mwimbaji wa wimbo huu, afike kileleni. Sauti yake ikikwaruza upande mmoja tu, angalia kwanza mpangilio wa kichwa chako kwa kucheza nakala nyingine. Ile nyingine ikitoka safi, mfereji wa hii umelika, na hiyo nakala irudi kwa muuzaji.