Kabla Hujachapa, Uliza Mwandishi Alikufa Lini

Nachapa kalenda na vijitabu River Road, Nairobi, na swali langu la kwanza kwa mteja ni hilo hilo: aliyeandika alikufa lini? Wengine hudhani nimeleta uchuro.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda maandishi hadi miaka 50 ipite baada ya mwaka aliokufa mwandishi. Chukua Shaaban Robert: alifariki 1962. Hesabu kuanzia mwisho wa mwaka huo, unafika mwisho wa 2012. Tangu Januari 2013, hapa kwetu, maandishi yake ni mali ya umma, yaani yeyote anaweza kuyachapa. Lakini usiskani toleo la juzi ukalibandika zima zima! Utangulizi, maelezo na mchoro wa jalada vina wenyewe, na huenda wako hai. Taipu upya maneno yake tu.

Picha hesabu yake ni nyingine. Haiangalii kifo; miaka 50 huanzia ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma, tarehe ya mwisho kabisa ndiyo hushika. Kuipata Google si ruhusa. Mteja mmoja alinibishia hapo, mpaka mpiga picha mwenyewe alipompigia simu. Na kukosa alama ya © hakukuokoi, maana ulinzi haungoji usajili.

Ukipakia mtandaoni, kumbuka Marekani vitabu vingi vya zamani huhesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Kilicho huru Nairobi huenda bado kina mwenyewe Chicago. Ukikwama, waulize KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla sijakata karatasi.